Moto wa Mama Nambeye

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Nikiingia nyumba yoyote, hata ya mwanangu wa kumzaa, kabla sijapiga hodi ya pili pua yangu imeshaanza kazi: inatafuta harufu ya mafuta, ya gesi, ya waya unaoungua. Wanangu wamezoea, wananiita mkaguzi. Juzi nilipofika Tunduma kumzika Shangazi Tusekile nilifanya vilevile. Wanawake wa msiba walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakinisubiri niingie nilie nao, na mimi nikasimama mlangoni na begi mkononi, nikanusa kwanza. Kulikuwa na vitunguu, kulikuwa na mvuke wa wali, na kutoka barabarani ikaja dizeli ya malori. Hapo begi likanidondoka nikashika mwimo wa mlango. Wakadhani ni uchungu, wakanishika mkono wakaniketisha, na uchungu ulikuwepo, siukatai. Lakini kilichoniangusha ni hofu ya zamani, ya ule mwaka niliokaa katika nyumba hii nikiwa msichana. Ilikuwa imenisubiri palepale mlangoni, na ilinitambua mara moja.

Jinsi nilivyotoka Isongole na kwa nini nililetwa kwa shangazi ni habari ndefu ya watu wengine, naiacha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na la kufanya. Shangazi alikuwa na vyumba viwili, jiko la uani lililoezekwa bati, na mbele ya nyumba baraza lenye mabenchi ambapo madereva walikula. Mbele ya baraza kulikuwa na mtaro, na baada ya mtaro ilikuwa barabara, na barabarani yalisimama malori yakingoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Yalisimama usiku na mchana, mkia wa moja kwenye pua ya jingine, karibu nasi kiasi kwamba nikilala nilisikia dereva akikohoa ndani ya kebini yake. Lori likisogea, kikombe kilicheza juu ya kisosi. Likipumua breki, niliruka kitandani. Nyumbani Isongole kitu kikubwa kilichopita mlangoni kwetu kilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hana tairi kumi na nane. Wiki za kwanza nililala nimevaa viatu ili nikimbie vizuri. Shangazi aliviona akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema, "Kwa mwoga huenda kicheko, mwanangu. Lala na viatu vyako." Hakunikataza, na hilo namkumbukia kwa wema.

Shangazi alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na Kiswahili chake kilikuwa na mlima wa Kindali ndani yake. Madereva walimwita Mama Ileje, kwa wilaya ya kwetu tuliyotoka. Alipika ugali, kande, majani ya maboga yaliyoungwa karanga, dagaa, na asubuhi chai ya tangawizi na chapati. Lakini kilichomfanya ajulikane katika foleni yote hakikuwa karanga, kilikuwa kanuni yake. Kwake hukuigusa sahani kabla hujataja kitu kimoja cha siku hiyo unachokishukuru, na kisiwe kikubwa. Ukisema uzima, alikukatalia. Ukisema amani ya nchi, alikukatalia. "Uzima atauombea mchungaji Jumapili," alisema, amekishikilia kijiko cha mboga juu. "Wewe nitajie cha kushika kwa mkono." Basi ungesikia majitu yenye shingo nene yakiwaza, halafu moja linasema: soksi. Jingine linasema: hii benchi, mgongo wangu ulikuwa umekufa. Kulikuwa na dereva wa Kizambia wa lori la mafuta, mtu mrefu mpole tuliyemwita Ba Chanda, ambaye kila safari alitaja breki, na kila alichopewa, hata maji ya kunawa, alikipokea kwa "natotela, mayo", ndiyo asante mama ya kwao. Shangazi alimtania kwamba akifa kaburini atamshukuru mchimbaji. Mimi nilitaja komeo la mlango. Kila jioni, komeo. Shangazi alinitazama na kunipakulia, maana komeo linashikika kwa mkono na kanuni ni kanuni.

Kitu kimoja tu hakikutajwa, nacho kilikuwa moto, ingawa wakati huo sikuwa nimeligundua hilo. Tulikuwa tukiishi kwa kuombana moto. Shangazi ndiye aliyewasha wa kwanza mtaani, alfajiri, kwa ajili ya chai ya madereva, na baada yake majirani walikuja mmoja mmoja na vigae vya vyungu, wakaweka majivu chini na makaa juu, wakaenda kuwasha kwao. Kiberiti kilikuwepo dukani. Lakini nani apoteze njiti na mafuta ya taa wakati kwa Mama Ileje moto umekwisha kukolea? Aliyekuja kila siku ya Mungu alikuwa Mama Nambeye, Mnamwanga wa Ndalambo, mwembamba, mwenye hatua ndefu, aliyekaa nyumba ya juu kwenye mwinuko karibu na bomba. Alifika, akasema "Nimefuata," akachota makaa, akaondoka. Hakusema asante hata siku moja. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne nilimwona hana adabu kabisa. Siku chache ambazo shangazi alichelewa kuamka, yeye aliona kutoka kule juu kwamba jiko letu halitoi moshi, akateremka na kigae chenye moto bila kuitwa. Jua likichomoza na jiko la mtu halina moshi, maana yake kuna mgonjwa au kuna maiti, na mtu wa namna hiyo haulizwi, anapelekewa moto. Shangazi naye alikipokea kigae kama mtu anayepokea mtoto wake, bila asante. Nilidhani wawili hawa wana ugomvi wa chinichini.

Woga wangu ulikua badala ya kupungua, na wa kulaumiwa ni ukuta. Chumba changu kilitengwa na baraza kwa mbao tu, na madereva wakishashiba walizungumza. Walizungumza habari za mteremko uliomla fulani, za mwenzao aliyewasha sigara akipakua petroli, za lori lililowaka mpaka lami ikayeyuka na mwenye lori akatambuliwa kwa funguo. Waliyasema taratibu, wakichokonoa meno, jinsi watu wa kwetu wanavyozungumzia mvua. Mimi nilijifunika shuka usoni nikahesabu malori ya mafuta niliyoyaona mchana ule yamesimama mbele ya nyumba inayowasha moto alfajiri mpaka jioni. Nilimwambia shangazi. Nilimwambia siku moja tukichambua maharage: "Shangazi, likivuja je?" Akapepeta ungo, akapuliza maganda. "Likivuja tutanusa," akasema. Jibu hilo lilikusudiwa kunituliza. Kuanzia siku hiyo nikawa nanusa, na sijaacha mpaka leo.

Likavuja Julai, wakati wa baridi ile ya kwetu inayokuingia kwenye mifupa na upepo hauchoki. Ilikuwa jioni, kabla ya jua kuzama. Lori la Ba Chanda lilikuwa linarudi nyuma kumpisha mwenzake, gurudumu likaingia kwenye ukingo wa mtaro, tumbo likakaa juu ya jiwe. Sikusikia kishindo. Nilinusa tu, nikiwa nakoroga kande, na mwanzoni sikuamini pua yangu kwa sababu ilikuwa imeshanidanganya mara nyingi. Halafu nikamwona Ba Chanda anakimbia kuja kwetu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, mikono imeinuliwa mbele. "Mayo, mulilo awe!" akasema, moto hapana. "Moto hapana, mama, zima, zima." Shangazi hakuuliza. Aliibeba ndoo ya maji ya kuoshea vyombo akaimwaga mafigani, kande na chai vikalowa majivu, moshi mweupe ukatujaa machoni. Kisha Ba Chanda akaomba sabuni. Shangazi akampa mche mzima wa sabuni ya kufulia, akaukanda mikononi kama unga wa chapati, akaingia chini ya lori akaubandika pale palipokuwa panavuja, akaongeza matambara. Mvujo ukawa matone. Lakini petroli iliyokwisha kumwagika ilikuwa imejaa mtaroni, na mtaro wetu ulipinda kandokando ya nyumba ukaishia uani, mbele ya jiko. Ilituama pale ikimeremeta rangirangi.

Askari wakaja, wakapita nyumba kwa nyumba wakiagiza moto wote uzimwe na watu wa mstari wetu wapande kanisani mpaka lije lori jingine kuhamisha mafuta. Watu wakaenda na magodoro vichwani. Shangazi akakataa. Kuna vijana walikuwa wamekwisha kufika na madumu kuchota petroli ya bure, na askari walikuwa wawili tu na barabara ni ndefu. "Nikiondoka mimi, huku nyuma atawafukuza nani?" akasema. Akachukua mwiko wa ugali, ule mkubwa wa kusongea kwa miguu yote miwili imekanyaga chini, akasimama kwenye kona ya nyumba. "Mwenye dumu arudi nalo kwa mama yake," akatangaza. Mmoja alijaribu kupita, mwiko ukamshukia begani, wengine wakaelewa. Watu husimulia kwamba nami nilibaki. Nilibaki, ndiyo, lakini wasinipe sifa isiyo yangu. Kwenda kanisani peke yangu kulihitaji kupita kando ya lori, na sikuweza. Nilibaki kwa woga.

Chakula cha jioni ile kilikuwa kiporo cha ugali na chumvi, gizani, sisi watatu, maana Ba Chanda hakutaka kuliacha lori lake. Mikono yangu ilikuwa ya barafu. Sikuwahi kujua kabla ya hapo kwamba ugali wa baridi una ladha ya udongo, wala kwamba giza lisilo na hata kaa moja lina uzito. Nilitamani chai mpaka machozi yakanitoka, chai tu, kikombe cha kushika kwa viganja viwili. Shangazi hakuacha kanuni yake. "Taja chako," akasema gizani. Ba Chanda akasema, "Sabuni." Shangazi akasema, "Mwiko." Wakanisubiri mimi. Nikafungua mdomo niseme komeo, neno likakataa kutoka, maana komeo lingezuia nini? Nikasema sina. Nikasikia mkono wa shangazi unanisogezea sahani. "Kula hivyohivyo," akasema. "Utalipa kesho."

Kulipokucha lori la kuhamishia mafuta lilikuwa halijafika. Shangazi alikuwa kwenye kona yake, Ba Chanda chini ya lori akishikilia sabuni yake. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, miguu juu ya matofali ambayo shangazi alikuwa ameyapanga ili tusikanyage petroli. Upepo ulikuwa unateremka kutoka kwenye mwinuko, unapita uani kwetu, unakwenda barabarani. Nikainua macho nikaona kitu ambacho kwa asubuhi nyingine yoyote kingekuwa cha kawaida kuliko vyote. Moshi ulikuwa unatoka kwenye jiko la Mama Nambeye kule juu, ambako marufuku ya askari haikufika. Na Mama Nambeye mwenyewe alikuwa anateremka kichochoroni kwa hatua zake ndefu, khanga begani, kigae mikononi, makaa mekundu juu yake.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Jana yake alikwenda Ndalambo kwa mavuno ya ulezi, akaacha makaa yake yamefukiwa majivuni, amerudi alfajiri kwa njia ya nyuma, hajapita barabarani, hajasikia lolote. Ametazama chini, ameona jiko la Mama Ileje, jiko la kwanza kuwaka mtaani, halina moshi na jua limetoka. Amefanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikataka kupiga ukelele. Mdomo ukafunguka, na hapo likanijia jambo lililonifanya niuzibe kwa kiganja: ukelele kutoka nyumba isiyo na moshi ni ukelele wa msiba. Angekimbia. Angekuja mbio na makaa yake mpaka katikati ya uani. Na shangazi alikuwa upande wa pili wa nyumba, na kumwita kulikuwa ukelele uleule.

Nikainuka. Sikumbuki kuamua, nakumbuka tu kwamba matofali yalicheza chini ya miguu na kwamba nilikuwa nasema "Yesu, Yesu" kwa pumzi bila sauti. Nilipofika mwisho wa uani nikahisi kitu cha baridi kinanigusa kifundo cha mguu. Lilikuwa pindo la kitenge changu. Lilikuwa limeburuta, limelowa, na nilipoliinamia harufu ikanipanda mpaka kichwani. Nilikuwa naukimbilia moto nimevaa utambi. Nikakifungua kitenge, nikakiacha juu ya tofali la mwisho, nikapanda kichochoro na blauzi na gagulo, mimi niliyelelewa na wanawake wasioonyesha magoti hata kwa mvua.

Mama Nambeye aliponiona akasimama. Msichana anatoka mbio na gagulo katika nyumba isiyo na moshi; macho yake yakajaa. "Amekufa?" akauliza.

"Hapana. Mama, usisogee. Petroli. Imejaa uani."

"Mbona sisikii harufu?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezibwa pua. Alikuwa na mafua ya Julai. Kisha akatazama nyuma yangu, akaona uani kunavyometameta, akaangalia mikono yake, akawa wa rangi ya majivu. Upepo ukaja. Kaa moja likang'aa, cheche ikanyanyuka, ikapita karibu na sikio langu. Sikugeuka kuitazama ilikokwenda. Nilisubiri mgongo wangu uungue. Ilizimika njiani, lakini nilijua hilo baadaye tu, kwa kuwa nilikuwa bado hai.

Nikamwambia tukimbie. Akanijibu kwa sauti ya chini, ya polepole, kama mtu anayesema na ng'ombe aliyeshtuka. "Usikimbie. Ukikimbia unayapulizia." Akageuka, akayaweka makaa mbele ya kifua chake ili mwili wake uukinge ua wetu, lakini sasa upepo ulikuwa unamjia usoni na cheche zikimruka mabegani. Nikavua blauzi. Sijui nisemeje jambo hili kwa heshima: nilipanda mwinuko wa Tunduma asubuhi peupe na gagulo na sidiria, nimetanua blauzi nyuma ya Mama Nambeye kwa mikono miwili, nikidaka cheche. Tulitembea. Sijawahi kutembea vile kabla wala baada. Kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kukimbia na miguu ikaenda hatua kwa hatua, naye akinihesabia kwa maneno ya Kinamwanga ambayo sikuyajua, nikayafuata. Blauzi ilitoboka matundu madogo. Watu waliokuwa kwenye foleni ya bomba walitutazama midomo wazi.

Nilidhani atayamwagia maji pale bombani. Aliwapita wote, akaingia jikoni kwake, akayarudisha makaa kwenye mafiga alikoyatoa, moja baada ya jingine kwa mkono. Halafu akakaa chini, akaanza kutetemeka, nami nikakaa karibu naye tukatetemeka pamoja. "Kwa nini hukuyazima?" nikamuuliza. Akanishangaa. "Moto wa mtu hauzimwi njiani," akasema. "Umechelewa tu."

Mchana lile lori jingine likafika, mafuta yakahamishwa, mchanga ukamwagwa mtaroni na uani, na jioni askari wakaruhusu majiko. Jua likizama Mama Nambeye akateremka na kigae chake. Makaa yalikuwa ya moto uleule wa asubuhi, ameutunza kutwa nzima. Shangazi alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Alikipokea kigae kwa mikono miwili, akatazama makaa, akamtazama yeye, midomo yake ikacheza kidogo. Akainama, akaweka, akapuliza. Chai ile naikumbuka kuliko chakula cha harusi yangu.

Tulipokaa kula, Ba Chanda na Mama Nambeye wakiwepo, shangazi akanigeukia mimi kwanza. "Una deni la jana. Taja." Nikasema moto. Niliusema kwa moyo wote, nikilia. Shangazi akatikisa kichwa.

"Huo hautajwi."

"Lakini unashikika, shangazi. Mama Nambeye ameushika kwa mkono."

"Ugali unakula, unakwisha, unashukuru," akasema. "Sabuni inakwisha. Moto haujakwisha. Huu hapa ni wa kwangu wa jana asubuhi, umeenda kwake, umelala majivuni, umerudi, kesho unakwenda tena. Ukiushukuru kwa mdomo utadhani umemalizana naye. Moto haushukuriwi. Unapelekwa." Mama Nambeye aliendelea kunywa chai yake, akipenga kamasi, kama mtu anayesikia habari ya kwamba maji huteremka. Nami ndipo nikajua ni nani aliyekuwa hana adabu pale miezi yote ile. "Taja kingine," shangazi akasema. Nikafikiri. Nikasema, "Gagulo." Ba Chanda akapaliwa na chai, Mama Nambeye akaficha uso kwenye khanga, na shangazi akacheka mpaka akashika ukuta.

Nisidanganye kwamba siku ile ilinifanya jasiri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilishtuka mwaka mzima. Shangazi alinipa kazi ya kuwasha moto wa alfajiri, na kila alfajiri nilizunguka nyumba nikinusa kama mbwa kabla ya kugusa kiberiti, na mikono ikakataa, na yeye akanisubiri kitandani bila kunisaidia. Wakati mwingine madereva walichelewa chai yao kwa ajili ya pua yangu. Hawakulalamika. Mwisho wa mwaka nikaenda chuo cha ualimu, nikaolewa mbali, nikapika kwa mkaa, kisha kwa umeme, kisha kwa gesi ambayo mpaka leo mwanangu ndiye anayeiwasha nikiwa chumba kingine. Lakini mezani kwangu hakuna aliyekula bila kutaja kitu. Wanangu walitaja ufutio, kifungo, daraja la mbao. Wakuu wa shule nilizofundisha walinipa hotuba nyingi kuhusu shukrani, na nilipozisikiliza nilimwona mtu mwenye shingo nene akisema: soksi.

Msiba ukaisha, ndugu wakarudi kwao, nikabaki mimi kufunga nyumba. Asubuhi ya kwanza niliyoamka peke yangu nilikaa jikoni na sikuweza kufanya kitu. Kulikuwa na mtungi wa gesi, sikuthubutu kuugusa. Kulikuwa na jiko la mkaa, limejaa majivu ya msiba. Kilichonishika hapo hakikuwa woga wa kuungua. Shangazi ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho katika ukoo aliyenizidi umri. Sasa hakuna aliyebaki wa kusema tutanusa. Niliogopa kama msichana aliyelala na viatu. Jua likapanda, likaingia mlangoni, likafika miguuni kwangu, nami nimekaa.

Sikusikia hodi. Nilisikia fimbo. Mama Nambeye alikuwa amesimama mlangoni, amekunjamana, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili kopo la maziwa lenye mkono wa waya, na ndani ya kopo makaa. Hatua zake ndefu zimekwisha. Lazima aliteremka polepole sana.

"Nimeona hakuna moshi," akasema.

Asante ikanijia mpaka kwenye meno. Nikaimeza. Nikamwamkia, nikalipokea kopo kwa mikono miwili, nikainama, nikaweka makaa jikoni, nikapuliza mpaka macho yakanitoka machozi, na mengine hayakuwa ya moshi. Tukanywa chai. Aliniuliza kama bado nina lile gagulo.

Kesho yake niliamka kabla yake. Niliwasha, nikangoja mkaa ukolee, nikaweka majivu kwenye lile kopo lake na makaa juu. Kisha nikasimama mlango wa nyuma nikanusa, nikaenda wa mbele nikanusa. Malori yalikuwepo, mkia wa moja kwenye pua ya jingine, na upepo ulikuwa umeamka. Nikachukua kopo nikaanza kupanda kwenda kwake. Nilitetemeka njia nzima, na sikukimbia.